Kufundisha Kazi ya Homoni katika Uzazi wa Mwanamume: Kutoka Zizini hadi Darasani

Miongoni mwa mada za Sayansi katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, ile ya balehe ndiyo ambayo walimu-wanafunzi huiharakisha kuliko zote. Tumekaa nyuma ya madarasa mengi wakati wa mazoezi ya kufundisha, tukiwa na kalamu na fomu ya tathmini mkononi, nasi tumeona jambo lile lile likijirudia: mwalimu huandika ubaoni dalili sita au saba za balehe ya mvulana, huwaamuru wanafunzi wazinakili, kisha hufuta ubao kana kwamba kuna mtu anayemfukuza. Sauti kuwa nzito, nywele kuota, mabega kupanuka; basi. Ni kitu gani kinachoifanya sauti iwe nzito? Kwa nini mvulana huyu ameanza akiwa na miaka 11, na jirani yake wa dawati moja hajaanza akiwa na miaka 14? Maswali hayo hayaulizwi, na yakiulizwa hayajibiwi.

Makala haya yanahusu jibu la maswali hayo, yaani homoni, na jinsi ya kulifikisha kwa mtoto wa Musoma, Bunda na Butiama kwa kutumia vitu anavyovijua. Yanahusu pia kosa tulilolifanya sisi wenyewe tulipokuwa tukiijaribu njia hiyo. Kwa kuwa kosa hilo lilimuumiza mtoto, tumeona si haki kulificha.

Mwalimu ajue nini kwanza

Hakuna awezaye kufundisha kidogo kwa uhakika bila kujua zaidi ya hicho kidogo. Hebu tuanze na korodani zenyewe. Zina kazi mbili, na mwalimu asiyezitenganisha kazi hizo hataielewa sehemu ya somo inayobaki. Kazi ya kwanza ni kutengeneza mbegu za kiume. Hufanyika ndani ya vijibomba vyembamba vilivyojikunjakunja, na mbegu moja huchukua yapata miezi miwili na nusu tangu kuanza kutengenezwa hadi kukamilika. Kazi ya pili ni kutengeneza homoni iitwayo testosteroni, ambayo huingia katika damu. Kazi hii ya pili hufanywa na seli zilizo katika nafasi baina ya vijibomba hivyo. Zinaitwa seli za Leydig, kwa jina la mtaalamu wa Ujerumani aliyezieleza mwaka 1850.

Homoni ni kemikali inayotengenezwa na tezi, ikasafiri kwa njia ya damu na kuamsha kazi katika kiungo kilicho mbali na tezi hiyo. Neno lenyewe lilianza kutumiwa mwaka 1905 na Ernest Starling wa London, naye alilitoa katika neno la Kigiriki lenye maana ya kuchochea.

Lakini korodani hazijianzishii kazi. Amri hutoka ubongoni. Sehemu moja ya chini ya ubongo, haipothalamasi, hutoa homoni yake kwa mapigo, si kwa mfululizo; kwa mwanamume mzima pigo moja huja kila baada ya saa moja na nusu au mbili hivi. Homoni hiyo husafiri safari fupi mno hadi tezi ya pituitari, iliyoning'inia chini ya ubongo, ambayo ukubwa wake haupiti punje ya njegere. Pituitari nayo hutuma wajumbe wawili kwa njia ya damu, LH na FSH. LH huziamuru seli za Leydig zitengeneze testosteroni. FSH huenda kwa seli za Sertoli, zilizomo ndani ya vijibomba, ambazo huzilea na kuzilisha mbegu changa. Hata hivyo, malezi hayo hayafaulu pasipo testosteroni nyingi iliyo papo hapo korodanini, kwa kiasi kinachozidi mno kile kilichomo katika damu. Tunamwomba msomaji aikumbuke sentensi hiyo, maana tutaihitaji mbele.

Sasa, ni nani anayeizuia pituitari isiendelee kuamrisha bila kikomo? Ni testosteroni yenyewe. Ikitosha katika damu, huzituliza haipothalamasi na pituitari zipunguze amri. Ikipungua, utulivu huo huondoka na amri huongezeka. Seli za Sertoli nazo hutoa homoni iitwayo inhibini, ambayo huipunguza FSH. Mpishi wa uji wa shule hufanya vivyo hivyo: huchochea kuni uji ukikawia kuchemka, na huziondoa unapotaka kufurika. Hana haja ya saa wala ya kipimo, kwani chungu chenyewe humpa habari.

Katika miaka ya utoto haipothalamasi hukaa kimya. Kwa wavulana walio wengi huamka baina ya miaka 9 na 14, kwanza usiku mtoto akiwa usingizini, kisha mchana pia. Dalili ya kwanza ya kuamka huko ni kukua kwa korodani. Ndevu na sauti nzito huja nyuma sana, na ndiyo maana orodha za ubaoni zinazoanza na sauti huwapotosha watoto: yule ambaye sauti yake haijabadilika hudhani hakuna lolote linalotendeka mwilini mwake, ilhali kazi ilikwisha kuanza mwaka mzima uliopita.

Haya yote si ya kumwaga mbele ya darasa la tano au la sita. Majina ya LH na FSH ni ya mwalimu. Mwanafunzi atosheke na ubongo, mjumbe, damu, korodani, testosteroni na mbegu.

Maksai, fahali na jogoo

Mtoto wa vijiji vya Bunda na Butiama hahitaji kuelezwa tofauti ya fahali na maksai. Amewaona maksai wakivuta plau katika mashamba ya pamba, naye huenda amewaongoza kwa kamba tangu alipokuwa na miaka minane. Anajua kwamba fahali hupigana na maksai hupigani. Kwamba fahali ana shingo nene na nundu kubwa. Kwamba maksai hazai. Asichokijua ni kwamba tofauti zote hizo, za mwili na za tabia, zimetoka katika jambo moja lililotendwa siku moja zizini.

Katika mazoezi yetu tuliwashauri wanachuo wamwalike mzee mmoja mfugaji aje kuzungumza na darasa. Shauri hili si geni. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alilalamika katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 kwamba shule zilikuwa zikiwafundisha watoto kudhani elimu yote imo vitabuni, na kuyadharau maarifa ya wazee wasiosoma. Mzee aliyekuja alilieleza darasa jambo ambalo mwanachuo wetu hakuwa amelisoma popote: kwamba yeye hamhasi ndama wa kulimia mapema, bali humngoja mpaka shingo na nundu vikomae, ndipo amhasi. Akihasiwa akiwa mdogo, alisema, atakuwa mrefu wa miguu lakini mwepesi wa shingo. Mzee huyu hakulitamka neno homoni, lakini alikuwa amelieleza somo zima. Testosteroni hujenga misuli ya shingo na nundu. Mjengo uliokwisha kukamilika hubaki kwa kiasi kikubwa hata mjenzi akiondoka. Tena ni homoni za uzazi zinazoifunga mifupa mirefu isiendelee kurefuka, kwa hiyo zikikosekana mapema miguu huendelea kukua.

Linalostahili kutazamwa zaidi ni lile koleo la kuhasia. Koleo hilo halikati ngozi wala haliondoi korodani. Huiponda mishipa inayozifikia, ile ya damu ikiwemo, ndani ya ngozi nzima, na baadaye korodani hunyauka. Mwalimu aulize: kama korodani bado zimo mfukoni mwake, mbona ng'ombe amekuwa maksai? Wanafunzi wakifikishwa kwenye jibu kwamba damu haipiti tena, haileti amri wala chakula na haichukui kilichotengenezwa, basi wamefika kwenye kiini cha maana ya homoni kwa miguu yao wenyewe.

Musoma mjini mambo ni mengine kidogo. Wako watoto pale, hasa wa mitaa ya ufukweni, wanaozijua nyavu na taa za dagaa kuliko plau. Kwao tulitumia jogoo. Mwaka 1849 mtaalamu wa Ujerumani, Arnold Berthold, aliwachukua majogoo sita wachanga katika mji wa Göttingen. Baadhi yao aliwaondolea korodani zote mbili, nao wakakua wakiwa na upanga mdogo kichwani, hawawiki kama majogoo wala hawapigani. Wengine aliwarudishia korodani moja ndani ya tumbo, mahali pasipo pake, ikiwa imekatwa na mishipa yake yote. Hawa walikua majogoo kamili, wakawika na kuwafuata mitetea. Alipowapasua aliona korodani ile imeshikamana na matumbo na kuota mishipa mipya ya damu, lakini mishipa ya fahamu haikuwa imerudi. Hivyo habari ilikuwa ikipita katika damu. Ilichukua miaka 86 baadaye kabla ya kitu chenyewe kushikwa mkononi: mwaka 1935 wataalamu wa Amsterdam, kikundi cha Ernst Laqueur, waliipata testosteroni halisi kutoka katika korodani za mafahali, na kutoka takribani kilo 100 za korodani walipata kama miligramu 10 tu. Darasa moja la Musoma lilikataa kuamini hesabu hiyo mpaka mwalimu alipoweka punje chache za chumvi juu ya kipande cha karatasi.

Kosa letu

Katika shule moja ya wilaya ya Bunda tulimsaidia mwanachuo kuandaa somo la maksai. Andalio lilikuwa zuri, zana zilikuwa tayari, na sisi wenyewe tulilisifu. Somo lilikwenda vizuri. Wanafunzi walicheka, walijibu, na waliuliza. Lilimalizika kwa maneno haya ubaoni: pasipo testosteroni, hakuna balehe.

Katika darasa lile alikuwapo mvulana wa miaka 14 aliyekuwa mfupi kuliko wote, mwenye sauti nyembamba. Kabla kengele ya mapumziko haijanyamaza wenzake walikuwa wamekwisha kumpa jina: Maksai. Jina lile lilitoka nje ya darasa, likaenda uwanjani, likafika kisimani. Siku ya tatu hakuja shuleni, na katika majuma mawili yaliyosalia ya mazoezi hatukumwona tena.

Tulikaa na mwanachuo wetu tukalichambua andalio lile mstari kwa mstari. Mfano wa maksai haukuwa na uongo, ila tuliuacha usimame peke yake. Tulikuwa tumeanza na korodani na kumalizia na korodani, bila kuutaja ubongo. Mtoto aliyefundishwa hivyo hana njia ya kumtofautisha mnyama ambaye kiwanda chake kimevunjwa na mvulana ambaye kiwanda chake ni kizima lakini amri bado haijatumwa. Sisi tuliijua tofauti hiyo. Tuliiona kuwa ngumu kwa watoto, tukaiacha, na kwa kuiacha tukawapa wenzake silaha.

Tangu hapo hatukubali andalio lolote la mada hii lisiloanza na ubongo. Mfano wa zizini huja katika kipindi cha pili.

Mchezo wa kokoto

Ili ubongo uingie darasani bila maneno mazito, tulibuni mchezo. Zana zake ni beseni, kokoto, vizibo vya soda, kitambaa chekundu na ngoma. Ngoma ikikosekana, dawati litagongwa.

Mwanafunzi mmoja ni ubongo, naye ana ngoma. Wa pili ni pituitari. Kila asikiapo pigo huwatuma wajumbe wawili waliosimama karibu naye. Madawati mawili yaliyounganishwa ni korodani. Mfanyakazi wa dawati la kwanza, akifikiwa na mjumbe wake, huchukua kokoto sita kutoka katika ndoo: nne huziweka juu ya dawati la pili, na mbili humpa mchukuzi azipeleke katika beseni lililo mbali, ambalo ndilo damu. Mfanyakazi wa dawati la pili, akifikiwa na mjumbe wake, hutengeneza mbegu moja, yaani kizibo kimoja, kwa masharti kwamba juu ya dawati lake zimo kokoto zisizopungua nne. Kisha kokoto hizo hurudishwa ndooni. Mlinzi wa beseni huinua kitambaa chekundu kokoto zikifika kumi, na ubongo ukikiona huacha kupiga. Mwanafunzi mwingine, ambaye ni matumizi ya mwili, huondoa kokoto moja kila mwalimu anapopiga makofi. Zikishuka chini ya kumi, kitambaa hushuka na ngoma hurudi.

Wacheze hivyo kwa dakika tano, mpaka watambue wenyewe kwamba hesabu ya beseni haiendi mbali na kumi. Kisha mwalimu abadilishe.

Kwanza, ubongo ulale juu ya meza yake. Kila kitu kiko mahali pake, wafanyakazi wameketi, wajumbe wako tayari, lakini ngoma hailii. Huyu ni mtoto, au ni mvulana ambaye wakati wake haujafika. Ubongo uamke na kupiga pigo moja, ulale tena, uamke. Huo ndio mwanzo wa balehe.

Pili, madawati ya korodani yapinduliwe. Ngoma inalia, wajumbe wanakimbia, hakuna anayewapokea. Beseni linakauka, na kwa kuwa kitambaa hakiinuki ngoma haikomi. Huyu ni maksai. Na hivyo ndivyo ilivyo kweli: mnyama aliyehasiwa huwa na LH na FSH nyingi katika damu yake, kwani ubongo hauachi kuita. Hapa mwalimu asimame, awaulize wanafunzi maksai na mvulana aliyechelewa wanafanana wapi. Katika shule tatu tulizolijaribu swali hili, wanafunzi walijibu bila kusaidiwa kwamba hawafanani hata kidogo: kwa mmoja ngoma inalia na kiwanda kimekufa, kwa mwingine kiwanda kizima na ngoma imelala.

Tatu, mwalimu aingie na kopo la kokoto "kutoka dukani" na kulimimina lote katika beseni. Kitambaa huinuka na hakishuki. Ngoma hunyamaza, wajumbe huketi, dawati la pili huishiwa kokoto zake, na vizibo havitengenezwi. Watoto hupiga kelele kwamba beseni limejaa lakini mbegu hazipo! Ndiyo ile sentensi tuliyomwomba msomaji aikumbuke. Kijana anayejidunga testosteroni apate kifua kipana huijaza damu na kuinyima korodani. Misuli hukua, korodani husinyaa, mbegu hupungua au huisha kabisa. Shirika la Afya Duniani liliutumia ukweli huu katika majaribio ya uzazi wa mpango kwa wanaume, yaliyotangazwa mwaka 1990: wanaume waliodungwa testosteroni kila juma, zaidi ya nusu yao walifika mahali pa kutokuwa na mbegu hata moja. Walipoacha sindano mbegu zilirudi, lakini kwa miezi, si kwa siku. Wanafunzi wa darasa la sita wanaokaribia kuingia ujanani wanahitaji kulijua jambo hili kabla hawajakutana na muuzaji.

Mchezo huu wachezeshwe wavulana na wasichana pamoja. Wako wenzetu wanaopendelea kuwatenga. Sisi tunaona utengano unafaa kwa maswali ya siri, si kwa sayansi yenyewe, na dada ajuaye kinachomtokea kaka yake hamcheki.

Sanduku la maswali

Baada ya kipindi cha pili liwekwe sanduku la maswali yasiyo na majina. Mwalimu aandae majibu usiku, asijibu papo kwa papo. Tunataja machache yanayojirudia.

Je, asiyepitia jando habalehe? Hubalehe. Tohara huondoa govi, haigusi korodani wala ubongo. Jando lina mafunzo yake ya utu na nidhamu, na mwalimu asilibeze mbele ya watoto wa Kikurya au wa Kizanaki. Aseme tu kwamba homoni hazilingoji.

Nikiota usiku na kuamka nimelowa, nimeugua? Hapana. Ni dalili kwamba kiwanda kimeanza kazi.

Matiti yangu yanauma na yamevimba, nageuka msichana? Swali hili huandikwa kwa herufi ndogo sana. Zaidi ya nusu ya wavulana hupatwa na uvimbe huo kwa kiasi fulani, kwa sababu mwili hubadili sehemu ya testosteroni kuwa estrojeni. Kwa kawaida huisha wenyewe kati ya miezi sita na miaka miwili.

Nakojoa damu, je, ndiyo balehe ya wanaume? La hasha. Hicho ni kichocho mpaka daktari aseme vingine, na dawa yake ipo. Mtoto huyo apelekwe kituo cha afya juma hilo hilo.

Korodani yangu ni moja tu, nyingine iko wapi? Yawezekana haikushuka kutoka tumboni. Korodani huhitaji ubaridi wa nyuzi mbili hadi nne chini ya joto la mwili. Ndiyo maana mfuko wa fahali hulegea jua la mchana na kujikunja alfajiri. Iliyobaki tumboni huweza kutoa homoni, lakini hushindwa kutengeneza mbegu. Aonwe na daktari.

Nina miaka 14 na bado. Swali hili tumelikuta katika kila sanduku. Mwalimu ajibu kwamba wengi wa aina hiyo ni wazima, mara nyingi baba au mjomba naye alichelewa, na ngoma italia. Lakini asiishie hapo. Lishe duni ya muda mrefu huchelewesha balehe, na selimundu, ugonjwa ulio mwingi katika mikoa ya kanda ya ziwa, huichelewesha pia. Mvulana aliyefika miaka 14 ambaye korodani zake hazijaanza kukua hospitali ndipo mahali pake, wala hakuna aibu. Na kwa kuwa swali halina jina, jibu hili lisomwe kwa darasa zima, kwa sauti ile ile iliyotumika kusoma mengine, kisha mwalimu abaki darasani kengele ikisha kulia, akipanga vizibo vyake taratibu, ili anayetaka kukawia akawie.